Mlinzi Asiyepiga Hodi

Juzi nilikuwa Ipuli kwa mama mmoja anayeuza asali kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake. Redio ilikuwa inatangaza kwamba nchi fulani ndogo imetia saini mkataba na taifa kubwa. Askari wa taifa hilo watailinda nchi hiyo, na wataingia na kutoka bila kuomba ruhusa.

Mama akaacha kumimina asali.

"Baba alimwita mganga atuzindikie nyumba hii. Akafukia kibuyu cha dawa pale kizingitini. Wezi wakakoma kabisa, ila mganga naye akaacha kupiga hodi. Tunakula, tunageuka, kasimama nyuma yetu."

"Si mngemfukuza?" nikauliza.

"Kwa kinga ya nani? Tuliyonayo si yake hiyo hiyo?"

"Siku hizi yuko wapi?"

"Alishakufa zamani."

Mbwa aliyelala kizingitini akainuka taratibu, akasogea pembeni, mkia kaufyata, kama anampisha mtu. Sikuona mtu. Mama akasogeza kigoda, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu."

Kwa desturi yetu, hodi isiyoitikiwa humrudisha mgeni alikotoka. Asiyepiga hodi unamrudishaje?