Maharage Ndani ya Utando

Mwalimu wa kompyuta pale chuoni Mbinga hufundisha amechuchumaa, maana somo lake lote liko sakafuni. Huchora kwa chaki duara ndani ya duara, kila moja huliita utando wa seli, halafu hutia maharage na kueleza kwa sauti ya katekista aliyenyimwa kwaya kwamba hiyo ni namna ya kukokotoa iliyoigwa kwenye viumbe hai: kila utando una kanuni zake, maharage huhama, huongezeka, na utando ukiamriwa huyeyuka. Chaki ikimwasha puani hupiga chafya na kujiambia "Afya!" mwenyewe, bila kungoja mtu. Leo, alipofika kwenye kuyeyuka, alifuta duara la ndani kwa soli ya kiatu, na maharage yaliyokuwamo akayasukumia mlangoni. "Yamekwisha. Jibu sifuri."

Gertruda wa Mkumbi, aliyefelishwa mwaka jana kwa swali hilohilo la kuyeyuka na sasa anarudia somo, alishindwa kuvumilia. "Samahani, Mwalimu. Kinachoyeyuka ni utando tu, vilivyomo vinamwagikia kwenye utando wa nje. Hata kahawa mbivu ukiiminya, ganda linatoka, buni si inabaki mkononi?"

"Mjibu, Mwalimu!" darasa likacheka.

Mwalimu akayatazama maharage mlangoni. Kisha akachuchumaa na kulichora upya, taratibu kabisa, lile duara alilolifuta. "Nani kasema utando umeyeyuka?"

"Basi naomba uiangalie tena karatasi yangu ya mwaka jana."

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Ile, binti, nilishaisahihisha."