Ukurasa wa Mwisho wa Mama Kaboni

Chumba cha mwisho ofisini kwetu, kile kinachotazama ghala la karatasi, hakina sauti tena. Kwa miaka kumi na mmoja taipureta iligonga humo tangu asubuhi hadi alasiri, nasi wasahihishaji tuliizoea kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake. Sasa unasikia hata maji yakipita kwenye bomba ukutani.

Aliyekaa humo tulimwita Mama Kaboni, kwa vile vidole vyake havikutakata weusi wa karatasi za kaboni alizotolea nakala. Kazi yake, ilisemekana, ni kumpigia chapa mhariri hadithi za kutisha zilizolipatia gazeti letu wasomaji. Ukweli ni kwamba mhariri alimletea nusu ukurasa wa mizimu yenye meno na damu ndoo nzima, naye akavitupa vyote na kutunga upya.

"Mzimu hautishi, mwanangu," aliniambia siku moja akinimiminia chai. "Ukishaonekana tu, mtu anauzoea. Mpe kiti anachokijua. Kesho yake kisogeze kidogo, usimwambie nani kakisogeza. Na wewe usiogope kabla yake. Andika polepole, kama mtu anayekunja nguo."

Kitabu cha hadithi nane kati ya zile kilipotoka, jaladani palikuwa na jina moja tu, la mhariri. Mama Kaboni akaenda kumuuliza.

"Mama, wewe una vidole," mhariri alimjibu mbele yetu sote. "Kichwa ni changu. Au na mashine nayo tuiandike jina?"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na sijajisamehe. Yeye alisema tu, "Haya, Bwana Mhariri," akarudi chumbani kwake.

Siku ya uzinduzi mhariri alitaka hadithi mpya ya kuwasomea watu. Alikuwa na tabia aliyoiita ufundi: haisomi hadithi kabla ya kupanda jukwaani, ili hofu iwe mbichi mdomoni. Mama Kaboni alimkabidhi bahasha mlangoni mwa ukumbi.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua limejaa madirishani. Mhariri alianza kwa mbwembwe. Katika hadithi, mtu yuko peke yake ofisini, koti lake la kijivu limetundikwa nyuma ya mlango. Siku ya kwanza koti lina unyevu, na mvua haikunyesha. Siku ya pili kifungo kilichopotea kimerudi, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kufikia ukurasa wa tatu sauti yake ilikuwa imeshuka. Koti lile lilikuwa la mhariri mwenyewe. Kiti chenye mkono uliovunjika, chake. Hata harufu ya dawa ya mende kwenye droo.

"'Siku ya saba hakugeuka,'" alisoma. "'Mkono wa koti ulipita juu ya bega lake, ukashika kalamu, na kalamu ikaanza...'"

Akafunua. Hapakuwa na ukurasa mwingine.

"Ikaanza nini?" mtu wa safu ya mbele alipaza sauti. "Malizia, bwana, utatuua!"

Mhariri alichungulia ndani ya bahasha. Jasho lilimtiririka hadi viganjani.

"Si umeitunga wewe?" yule wa safu ya mbele akamuuliza.

Mama Kaboni alisimama nyuma kabisa, mkoba mkononi. "Ikaanza kuandika jina," alisema taratibu. "Si la mwenye koti. La mtu aliyekaa nyuma ya mlango miaka yote. Mwenye koti akataka kulifuta. Akatazama vidole vyake, akaona vimekuwa vyeusi."

Mhariri akatazama vidole vyake. Ukumbi mzima ukavitazama. Kurasa alizopewa zilikuwa nakala za kaboni, na jasho lilikuwa limefanya kazi yake.

Ndipo Mama Kaboni akafungua mkoba, akaanza kugawa safu kwa safu miswada ya hadithi zote nane, iliyojaa mwandiko wake.

"Mashine imekuja kuchukua jina lake, Bwana Mhariri," alisema. Safari hii hakuna aliyemcheka yeye.

Kitabu kilichapwa tena kwa jina lake. Leo anaishi kwa dada yake, nyumba ya kona karibu na kiwanda cha sabuni, na taipureta iko juu ya meza ya jikoni.