Kanzu Mbili za Jora Moja

Kila ukungu unapolala juu ya ziwa asubuhi, ile siku ya ubatizo hunirudia kama jambo nililoliota. Ziwa lilikuwa jeupe, kanzu zilikuwa nyeupe, na watu walipoingia majini walipotea mpaka mabegani, vikabaki vichwa na sauti. Lakini sikuota. Tepu niliyopimia ingali shingoni mwangu, hapa kwenye cherehani yangu katika soko la Gisenyi.

Kanisa lilinipa jora moja la kitambaa nishone kanzu za wabatizwa. Miongoni mwao alikuwamo mama mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na ile kazi ya nguo za harusi niliitaka sana, niliitaka mpaka nikawa naishona usingizini. Nilimwita kwangu, nikampa chai, nikampima mara mbili. Mwingine alikuwa mama mbeba viazi, anayeshuka na mizigo kutoka Mudende. Huyo nilimkadiria kwa macho alipopita mbele ya mlango wangu, gunia kichwani, magoti yamepinda. Kitambaa kilipoanza kuisha, nilipunguza urefu wa kanzu yake ili ya mwenye duka ifike miguuni, kisha nikaitia lesi shingoni. Nilijiambia mbeba viazi ni mfupi, hatajali. Nilijidanganya, na nilijua.

Siku yenyewe wanawake walibadilisha nguo nyuma ya turubai. Mchungaji alikuwa ameshaingia majini. Akasema kwa upole kwamba ziwa halina viti vya mbele, na kwamba kila atakayetoka humo ni mtoto wa nyumba moja. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mkononi nilikuwa nimeshika kitenge kipya cha kumfunika mwenye duka akitoka.

Wimbo ulienda polepole, kama wa kumbembeleza mtoto. Waliingia, wakazama, wakainuka. Mara nikaiona lesi yangu ikija katika ukungu. Nikakimbia mpaka maji yakajaa viatuni, nikamzungushia kitenge mabegani na kumkumbatia.

"Karibu, mama," nikasema. "Karibu nyumbani."

Akainua uso. Alikuwa mbeba viazi. Kumbe akinyooka bila mzigo ni mrefu kuliko mimi. Alinishika mkono kwa nguvu ya mtu ambaye hajawahi kungojwa na yeyote, na machozi yalikuwa yakimtiririka pamoja na maji ya ziwa.

Nyuma yake alitoka mwenye duka, magoti wazi, akitetemeka kwa baridi. Alinitazama, kisha akaitazama ile kanzu fupi aliyoivaa.

"Alikuwa na haya, alikataa kutoka kwa turubai," akaniambia taratibu. "Bon, nikamupatia yangu. Mi nimezoea watu kuniangalia."

Nilitamani ukungu unifunike na mimi. Kazi ya harusi, niliyoiwaza kwa wiki nzima, ilinitoka kichwani palepale, nikabaki na aibu tupu. Wimbo uliendelea, watu wakaendelea kutoka majini, na sikuweza tena kujua nani ni nani.

Mbeba viazi alikuwa akiipapasa kanzu kuanzia shingoni hadi ilipogusa nyayo zake.

"Dada, ni we njo ulishona hii? Inanitosha kabisa." Akacheka kidogo. "Ulinipima lini?"

Ningeweza kujibu chochote. Mwenye duka alikuwa ameinama akikamua maji kwenye kanzu yake, wala asingenisuta.

"Sikukupima," nikamwambia. "Njoo kesho sokoni, nikupime."