Maji ya Mwarobaini

Enzi zetu, ambazo wala si za zamani kihivyo, mtoto wa Kisarawe hakununuliwa simu. Alipewa kuku. Nilipoingia darasa la tatu, bibi yangu mzaa baba alinikabidhi mtetea mwekundu na vifaranga wake kumi na mmoja, akasema hao ni wangu, wakifa nisimlilie yeye.

Nikawa mfugaji. Nikitoka shule natupa madaftari, nawamwagia chenga za mahindi, nakaa kuwatazama mpaka naitwa kula. Wiki ya tatu mmoja akaanza kusinzia mchana, mabawa yameshuka. Bibi akaniagiza nimtenge, nimweke kwenye tenga jikoni. Mimi, ambaye kila agizo nililiuliza kwa nini, nikaona huo ni ukatili. Nilipougua malaria, si nililazwa mkeka mmoja na ndugu zangu wote? Giza lilipoanza kuingia nikamrudisha kimyakimya chini ya mama yake, apate joto na wenzake.

Siku ya tano walibaki wawili.

Nilikiri kosa langu. Bibi hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alichuma majani ya mwarobaini, akayatwanga, akayaloweka kwenye maji yao ya kunywa.

"Bibi, hii inaponya kweli?"

"Sijui, mjukuu wangu. Lakini siwezi kukaa nawatazama tu."

Mmoja alipona. Nilimfuga mpaka akawa jogoo mwenye kiburi.

Leo nina digrii, na banda langu liko Picha ya Ndege, Kibaha. Nina chanjo, taa ya joto na kundi la wafugaji kwenye simu. Mwezi uliopita vifaranga wangu walipoanza kusinzia, niliwatenga mara moja, nikampigia daktari wa mifugo, nikatuma picha kundini. Vijana wakanijibu kwa vikatuni vinavyolia. Mmoja akaniuliza kama nahitaji vifaranga wengine, anao. Kule Kisarawe majirani wangejaa bandani, kila mmoja na dawa yake ya kubahatisha, wakibishana mpaka chai iive.

Daktari alisema atafika kesho. Nilizunguka banda mara tatu, kisha nikajikuta nje, nachuma mwarobaini.

Siamini kama unaponya. Bibi naye hakuwa na uhakika.