Mikono Yenye Unga Kwenye Gazeti la Ubalozi

Majina ya watu siandiki, kwa sababu watoto wao bado tunakutana nao dukani. Lakini mwizi nitamtaja kwa cheo chake. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, na alikuwa mwanamume. Usiniulize kikundi cha akina mama kilipataje mwenyekiti mwenye ndevu. Miaka ya sabini mambo yalikuwa hivyo, na sisi wenyewe ndio tuliinua mikono kumchagua, kwa vile alijua kuandika barua kwa Kizungu.

Mimi nilikuwa nakaa Laini Saba, huko Kibera, mjane mwenye watoto wawili. Moto ulikuwa umechoma vyumba vyetu. Jirani aliacha jiko likiwaka akaenda kusengenya, na hilo nilimwambia mbele ya watu. Niliokoa watoto na sufuria moja. Nilifua nguo za watu kule mtaa wa Ayany mpaka vidole vikachubuka. Ndipo nikasikia kuna kanisa Kawangware linalofundisha ushonaji, na ubalozi wa nchi moja ya Ulaya, huko kwenye baridi, umeahidi kuleta cherehani sita kwa wanawake sita watakaomaliza.

Kanisa lilikuwa na cherehani moja tu, kuukuu, na sisi wanafunzi, ndio kikundi chenyewe, tulikuwa kumi na wawili. Kila Jumanne na Alhamisi nilitoka Laini Saba kwa miguu, nikapita Kianda, nikavuka barabara ya Ngong, mpaka Kawangware. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali kutoka kwetu magharibi, hakukuruhusu kugusa kitambaa kabla hujajua kunyoosha mstari. Tulishona karatasi. Alitoa uzi kwenye sindano, akakupa karatasi ya mfuko wa simiti, ukapiga pedali, sindano ikatoboa vitundu tu. Kisha akaiinua kwenye dirisha, mwanga ukapita.

"Huu ni mstari ama ni njia ya ng'ombe?" aliniuliza.

Mwishowe vitundu vyangu vilinyooka. Tulimaliza sita, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ile cherehani niliihesabu kuwa yangu. Nilikuwa nimeshaipangia hata kona ya kukaa.

Siku ya ubalozi kuja, mwenyekiti alituita sisi sita asubuhi. Akasema, "Akina mama, leo nyinyi ndio wenye nyumba. Mgeni akija, mwenye nyumba hakai. Nani atapika?"

Sasa hapo ndipo alipotuweza. Kwetu ni kweli, mwenye nyumba hakai. Ukikaa na mgeni hajala, mama yako huko kaburini anageuka. Hatukuulizana hata. Tulijifunga leso, tukaenda nyuma ya kanisa kusukuma chapati. Hata benchi la mbele tulilipangusa kwa mikono yetu. Likakaliwa na mke wa mwenyekiti, dada zake wawili, na wengine watatu wa upande wao, nguo zimepigwa pasi, nywele zimesukwa jana yake. Sindano hawajawahi kushika, ila ya kutoa mwiba.

Kutoka jikoni tulisikia hotuba. Aliyekuja alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, viatu vya chini, pamoja na mpiga picha wao na dereva wa ubalozi, mtu wa kwetu Kenya, ambaye ndiye alitafsiri. Tukasikia urafiki wa nchi mbili. Tukasikia makofi, mara sita. Mwenzangu mmoja, mama wa kutoka upande wa ziwani, akaacha kusukuma.

"Mbona wanapiga makofi na sisi tuko huku?"

"Pengine wanafanya mazoezi," nikamjibu. Tukacheka. Wajinga sisi!

Kumbe cherehani zilikuwa zinakabidhiwa. Halafu yule mama wa ubalozi akasema anataka picha yao wakishona. Mke wa mwenyekiti akakaa, akapiga pedali kinyume, uzi ukajikunja chini kama kiota cha ndege. Akajaribu tena. Sindano ikagoma.

Mwenyekiti akacheka kwa sauti. "Mashini ni mpya, madam. Inaona haya wageni." Kisha akaja mbio mlangoni pa jikoni. "Wewe wa Laini Saba, kuja haraka!"

Nilienda vile nilivyokuwa, unga mpaka kwenye viwiko. Nikainama pembeni ya mke wake, nikatoa ule uzi uliojikunja, nikatunga sindano upya, nikaweka mkono kwenye gurudumu, nikazungusha. Mashini ikaimba. Mstari ukatoka umenyooka kama reli. Mpiga picha akapiga. Mke wa mwenyekiti, akiendelea kutabasamu, akaninong'oneza bila kugeuka, "Sasa rudi, chapati zako zinaungua."

Nikarudi. Hilo la kurudi ndilo limeniuma kuliko yote. Hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi mwenyewe.

Wageni walipoondoka, cherehani zote sita zilipakiwa kwenye mkokoteni. Tulipouliza, mwenyekiti akasema ziko stoo, zitaandikwa kwanza. Wiki zikapita, zikawa miezi. Nikarudi kwa nguo za watu.

Siku moja nikiwa ndani nasikia nje mwanamume anauliza, "Ninatafuta mama mwenye mikono ya unga." Alikuwa yule dereva, ameshika gazeti dogo la ubalozi. Kwenye picha, mke wa mwenyekiti anameta meno, na pembeni iko mikono miwili myeupe kwa unga, haina kichwa wala mabega. Mpiga picha alikuwa amenikata.

Majirani walijua cha kufanya. Mtu mwenye suti akiulizia mtu Kibera, huwa hajaleta zawadi.

"Hapa hakuna," mmoja akasema.

"Alihama."

"Alikufa," akaongeza wa tatu, na mimi namsikia.

Nikatoka. "Sijakufa. Nimekosa nini?"

Dereva akatazama mikono yangu, akatabasamu. "Hujakosa, mama. Bosi wangu yuko hapo juu kwa gari. Mama yake alikuwa fundi wa nguo. Tangu siku ile anauliza swali moja tu: mbona anayejua kushona alikuwa anapika?"

Yule mama akashuka kwa miguu, akavuka mtaro wetu kwa kuruka, akakaa kwenye kitanda changu kwa sababu kiti hakikuwepo. Akaniuliza kupitia dereva cherehani yangu iko wapi.

Wasomaji, nieleweni. Chumba nilichokaa baada ya moto kilikuwa cha shemeji yake mwenyekiti. Neno moja, na mimi na watoto tungekuwa nje. Lakini nilikumbuka vile nilivyorudi jikoni.

"Mwambie iko kwa mwenyekiti. Zote sita. Na wale waliopigwa picha ni mke wake na watu wake."

Dereva akanitazama. "Nitafsiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usiweke sukari."

Naye hakuweka. Huyo mtu namshukuru mpaka leo. Angeweza kusema lolote, mimi ningejuaje? Alikuwa na kazi nzuri, na mwenyekiti alikuwa na watu wakubwa. Alilitoa neno langu vile lilivyotoka kinywani mwangu.

Tulienda Kawangware siku hiyo hiyo, sisi watatu. Mashini moja tuliikuta dukani kwa mke wa mwenyekiti, imefunikwa kitambaa cha meza. Mwenyekiti mwenyewe alikuja akihema. Yule mama hakumpigia kelele. Alimuuliza tu ziko wapi nyingine. Ziko kwa mafundi, akasema, ziko bara, ziko njiani. Tano hatukuziona tena. Kuhusu ile moja akanigeukia mimi, macho makavu.

"Si nilikuwa nakutunzia, mama?"

Yule mama wa ubalozi akashika upande mmoja wa mashini, mimi upande mwingine, tukaitoa. Hotuba yake ya siku ile kanisani sikumbuki hata neno. Lakini namkumbuka akitembea kinyumenyume na chuma mkononi, akiangalia nisijikwae.

Kile chumba kweli nilifukuzwa, mwisho wa mwezi. Mama wa upande wa ziwani alinipokea kwake Kianda, mimi, watoto na mashini. Nisingeweza kuiita yangu peke yangu, na wale wenzangu watano walisukuma chapati zile zile. Tukagawana siku: sita sisi, siku sita, Jumapili mashini inapumzika. Sare za shule ndizo zilitulisha. Wangu wawili walisoma kwa pato la siku yangu moja ya wiki. Kusema asante hakutoshi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Jioni ya kwanza ya kuwa na mashini hatukuwa na kitambaa wala uzi. Tulikuwa na lile gazeti la ubalozi tu, aliloniachia dereva. Tukakumbuka mwalimu, tukaanza kushona karatasi, kila mtu zamu yake. Tulipofika kwenye picha nilitaka kuutoa ule ukurasa niuweke.

"Acha," akasema mama wa ziwani. "Huyu mke wa mwenyekiti naye apite chini ya sindano."

Akapita. Nilikuwa kwenye pedali mimi mwenyewe. Mikono yangu, ile ya pichani, niliikwepa.