Mkanda wa Saa ya Kaka Yangu

Saa ya kaka yangu ilirudi nyumbani bila kaka yangu. Aliyeileta alikuwa mchunga ngamia ambaye hatukumjua. Alibisha adhuhuri, jua likiwa limeua kila kivuli uani, akatoa salaam aleikum na kukataa kuketi. Alisema aliiokota upande wa Gotu, mbali kidogo na mto, na kwamba mtu mmoja sokoni alimwambia ni ya kijana wa nyumba hii, yule dereva wa lori. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kichwa cha saa peke yake, kioo kimekwaruzika, bila mkanda.

"Mkanda yake iko wapi?" mama aliuliza.

"Niliacha huko, mama. Nilikata na kisu nikaacha." Alitazama chini. "Ilikuwa imefungwa."

Mama hakumwelewa, akamtaka arudie. Mtu yule akazungusha vidole vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wa pili ili kutuonyesha. Mkanda ulikuwa umelala mchangani ukiwa umefungwa kwa bizimu yake, duara kamili, vile unavyokaa mkononi mwa mtu. Ndani yake hapakuwa na mkono. Karibu yake hapakuwa na kitu kingine, si kiatu, si nguo, si mfupa. Kisha akaaga. Chai tuliyomwekea aliiacha bila kuigusa, na mtu wa nyika kuacha chai ya maziwa si jambo dogo.

Kaka yangu alikuwa amepotea tangu mwaka uliotangulia, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lori lake la mbuzi lilikwama kwenye mchanga kati ya Garbatulla na Kinna. Alimwacha utingo akilinda mifugo, akaenda kutafuta watu wa kusukuma, asirudi. Askari walimtafuta, jamaa wakamtafuta, nyayo zake zikaishia kwenye uwanda wa mawe. Kutoka pale hadi Gotu si mwendo wa mtu asiye na maji, na mpaka leo hakuna aliyeweza kunieleza saa ile ilifikaje huko.

Saa yenyewe alipewa na rubani, zile siku za sabini na kitu, ndege ndogo ya dawa ilipozama kwenye tope la uwanja wa hapa mjini, kaka akaivuta kwa lori. Ilikuwa saa ya kutiwa ufunguo, kubwa kupita kiasi, lakini sifa yake ilikuwa mkanda. Kaka hakuchoka kuusimulia. Ngozi nene ya kahawia, ribiti mbili za shaba zikiibana kila upande wa saa, na chini ya saa kipande kipana cha ngozi kilichotandazwa ili chuma kisiguse mwili, maana huko juu, alisema, baridi hugandisha chuma mkononi mwa mtu. Tulimcheka. Isiolo na baridi wapi na wapi? Hakujali. Alitamba nao kila Ijumaa, mkono wa kanzu ameukunja makusudi.

Mchunga ngamia alipoondoka, mimi na mama tulibaki na neno lile moja, "imefungwa". Mimi nilisema moyoni kwamba mtu akivua saa hufungua bizimu. Mkanda uliofungwa ni mkanda ambao mkono uliisha ndani yake, kidogo kidogo, mpaka ukabaki umezunguka hewa. Mama aliona kinyume. "Amekonda," alisema. Kwa njaa na kiu mkono umekuwa mwembamba, saa imemponyoka bila yeye kujua. Kwa hiyo anatembea. Kwa hiyo yuko hai.

Nilimkasirikia, sitaficha. Mwaka mzima shekhe alikuwa akimwomba akubali kijana aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na mwaka mzima mama alimjibu kwamba mwanawe amesafiri. Hakukuwa na matanga wala dua, na hakuna aliyethubutu kutupa pole. Watu walizoea kutuuliza kama msafiri ameleta habari, nasi tukajibu bado. Nilichoka kumwekea nafasi mtu ambaye hayupo. Na sasa mama akaniagiza niende nikatengeneze mkanda mwingine, wa rubani vile vile, wenye upana ule ule, ili akirudi aikute saa yake imekamilika. Saa hakunipa. Aliifunga kwenye pindo la leso yake, akanikabidhi njiti ya kiberiti aliyoivunja kwa kipimo cha pale mkanda unapopita.

Nilianzia madukani. Mikanda ilikuwepo, ya nailoni na ya plastiki, na michache ya ngozi nyembamba inayong'aa, ambayo ukiikunja rangi inapasuka. Mwenye duka, aliponiona nikichagua ya wanaume, alinitania kwamba bila shaka nimepata mchumba. Nilimwambia yeye auze tu, kuniozesha si kazi yake. Kisha nikaenda kwa fundi wa ngozi, Mmeru mmoja aliyeshona viatu na ala za visu katika kibanda cha mabati nyuma ya soko la mboga. Nilimweleza unene, ribiti na kile kipande cha chini. Alinisikiliza akitafuna miraa.

"Ya rubani," alisema. "Na ndege iko wapi?"

"Wewe shona."

Alinitolea ngozi tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi ya kiwandani, laini, lakini nyembamba mno. Ya pili ya mbuzi, nyekundu, na niliipenda kwa macho, ila nilipoivuta ikarefuka. Ya tatu ilikuwa ya ng'ombe, aliyoipata kutoka Kinna, haijaiva sawasawa, bado ina vinywele vyeupe ukingoni na harufu ya zizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa na unene wa ule mkanda. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba nilimhisi kaka karibu hata nikageuka kutazama nyuma. Palikuwa na magunia ya vitunguu tu. Nikasema nataka hiyo.

"Hiyo harufu itakusumbua," fundi alisema. "Lakini kwa nguvu, wewe utazeeka uache hiyo."

Aliikata, akailoweka kwenye debe la maji, akaigongagonga kwa nyundo mpaka ikalainika. Kisha akanitazama, akasema nilete mkono wa mwenyewe. Kazi yake ilikwenda hivyo. Ngozi kama ile ilivaliwa ikiwa na maji, ikakaukia mkononi mwa mwenyewe ili ishike umbo lake, halafu ndipo ribiti na bizimu vikatiwa. Ikiachwa ikauke peke yake juani ingekakamaa kama ubao.

"Mwenyewe amesafiri," nilisema. Nilisikia sauti ya mama kinywani mwangu.

"Basi tafuta mkono kama yake."

Haukuwa mbali. Mimi na kaka tulirithi mikono ya baba, minene, na nyumbani nilitaniwa kwamba bangili zangu zinatosha kumfungia ndama. Nilinyoosha mkono wa kushoto. Fundi alinizungushia ngozi, akaikaza kwa uzi, akanionya nisiifungue mpaka kesho. Katika joto lile la mchana ilikuwa baridi, na ubaridi wake ulinitisha.

Sikuwa nimefika mbali ilipoanza kukauka, na kadiri ilivyokauka ilibana. Haikuumiza. Ilibana kama mtu anayekushika mkono mkivuka barabara. Nilijiambia ni jua tu, ngozi na jua ndivyo vilivyo, lakini mwili haukukubali.

Ndipo nikaona watu wananitazama. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti kwenye baraza la duka waliacha kucheza. Mwanamke muuza maziwa, ambaye hunisema kwa sauti kila siku kwa kutoolewa, alishusha macho mkononi mwangu na maneno yakamkauka. Akanishika mikono yote miwili, akasema pole, akaenda zake haraka. Nilimuuliza pole ya nini, hakugeuka. Mbele kidogo mama mmoja alimvuta binti yake kando ili nipite. Soko lile, ambalo saa kama hiyo huwa kelele tupu, lilinyamaza hatua kwa hatua nilipopita. Niliogopa. Nilidhani wanaona kitu kinachonifuata, na safari hii sikutaka kugeuka. Nilikata kona nikazunguka njia ndefu ya nyuma ya msikiti ili nisikutane na mtu. Huko hakukuwa na mtu kweli, ila harufu ya zizi nilikuwa nayo, na mkono wa kushoto haukuwa wangu tena. Ulikuwa mzito, umetulia, mkono wa mwanamume.

Mlangoni kwetu nilikuta viatu. Vilikuwa vya wanawake, vingi, vimevuliwa na kuachwa jinsi vinavyoachwa nje ya nyumba yenye msiba. Nikautazama mkono wangu kwa macho ya wale watu wa sokoni, nikaelewa.

Kwa jamaa za mama, mnyama akichinjwa kwa jambo zito la nyumba, ukanda wa ngozi yake mbichi hufungwa mkononi mwa wenye jambo hilo. Haukatwi. Unaachwa mpaka udondoke wenyewe. Dini ilikuja, mengi yakaachwa, lakini maana ya ukanda ule kila mtu aliijua. Nami nilikuwa nimekatiza soko mchana kweupe na ukanda wa ng'ombe mkononi, una vinywele, una maji, hauna saa wala bizimu. Mji ulisema nyumba ile imechinja, imekubali, kijana amekufa. Wale walionyamaza mwaka mzima walikuwa wakingoja ruhusa, na waliiona mkononi mwangu. Habari ilipita njia fupi ikafika kabla yangu.

Ndani, mama alikuwa ameketi katikati yao, mgongo wima. Hakuna aliyelia, maana hakuna aliyethubutu kumtangulia.

"Njoo hapa," aliniambia.

"Mama, aayo, ni mkanda wa saa tu. Fundi ndiye alisema niuvae."

"Najua ni nini. Si mimi niliyekutuma?"

Aliuvuta mkono wangu akauweka mapajani mwake. Aliipapasa ngozi, akafuata vinywele vya ukingoni kwa ncha ya kidole. "Wamekuja kwa sababu ya hii?" aliuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja, majirani waliozaa na kulea pamoja naye.

"Kumbe mlikuwa mnajua," aliwaambia. "Mwaka mzima."

Aliomba maji, akaletewa kwenye bakuli. Alinimwagia juu ya ngozi taratibu, namna anavyooshwa mtu asiyeweza kujiosha, mpaka ikalegea. Akafungua uzi kwa meno, akaitoa. Mkono wangu ukarudi kuwa wangu, na badala ya kushukuru niliona wivu, kwa sababu kwa kitambo kile nilikuwa naye. Mama akanyoosha mkono wake.

"Nifunge mimi."

Nilimzungushia. Ngozi ilikuwa imekwisha kushika umbo la mkono wangu, ambao ulikuwa mkono wa kaka, na mkono wa mama ulikuwa mwembamba kuliko nilivyojua. Mwaka ule wote aliyekuwa akikonda ni yeye, mbele ya macho yangu. Aliniambia nikaze. Nilikaza mpaka uzi ukaisha, na bado ukanda ulimpwaya, ukateleza kuelekea kiwiko. Nyuma yangu mwanamke mmoja alianza kulia. Nilimwambia mama ukanda ni mkubwa, hautamkaa.

"Haidhuru," alisema. "Utakauka."