Sikio la Mpira wa Baiskeli

Wacha kuniambia ati panya hawezi kuoteshwa sikio la mtu mgongoni. Picha niliiona na macho yangu, kwenye gazeti kuukuu lililofungia mandazi pale Malaba. Kizungu nilijifundisha mwenyewe, kwa hivyo nilisoma polepole. Wanasayansi waliunda fremu ya sikio, wakapanda juu yake chembe hai za nyama, zikashika mgongoni mwa panya. Iko siku mtu atajengewa kiungo chake, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwa mwili wake mwenyewe.

Wenzangu wa boda walinicheka. Mmoja akasema sikio ni urembo tu, nikamshika shati. Kwa sababu braza yangu, mtoto wa mama mkubwa, hakuwa na la kushoto. Jamaa mmoja alikuwa amebeba mabati kwa baiskeli pale mpakani, akakata kona bila kuangalia, bati likaenda nalo. Tangu hapo braza hakuvua kofia mbele ya watu. Na sasa alitakiwa aende Moding, kujitambulisha kwa wazazi wa msichana wake. Kule chakula hakiguswi bila maombi, na hakuna mwanaume anaomba na kofia kichwani. Akaniambia haendi, hata kama atamkosa.

Nikasema kama mashine ya kujenga sikio bado haijafika kwetu, nitatengeneza mimi. Nikachora sikio lake zima kwenye karatasi, nikakata vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, nikavibandika kimoja juu ya kingine kwa gundi ya pancha mpaka likapata mabonde yake yote. Kulijaribu, linaangalia nyuma. Nilikuwa nimenakili la kulia, halafu nataka likae kushoto.

Nilitaka kulitupa kwa mtaro. Akaninyang'anya, akajitazama kwenye kioo cha baiskeli. "Wacha likae, braza. Nitawasikia wanaonisengenya nyuma."

Tulicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema twende Moding tu, lakini hilo sikio libaki nyumbani.

Maombi yalipoanza kwa kina msichana, alivua kofia. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa natafuta nani atamwangalia vibaya nimtoe nje, hata kama nyumba ni yake. Nikamwona baba ya msichana anaangalia. Baada ya amina, mzee akatoka kwenye kiti chake kikubwa, kile ambacho kwa desturi mwenye nyumba hawezi kukihama kwa sababu ya kijana aliyekuja kuomba binti, akaburuta stuli mpaka upande wa kulia wa braza.

"Wacha nikae huku, mwanangu, usisumbuke kunisikia."

Machozi yalinitoka mimi, si yeye.

Braza alioa. Na watu wakaanza tena: si unaona amependwa hivyo hivyo, sikio la nini? Nikamuuliza mwenyewe. Akasema mke anamtosha, lakini sikio bado analitaka, la nyama yake, la kuumwa na mbu. Siku likiwezekana nitambeba kwa baiskeli hata mpaka Kampala. Sasa wewe mwenye masikio mawili, ni nani umwambie hahitaji?